Majina Sita kwa Mpangilio Uleule

Voi,
Jumamosi, alasiri.

Mwanangu Mwakio,

Barua zetu huanza kwa salamu. Hii nimeiacha bila salamu, na si kwa kusahau. Zipo mwishoni, na ukizifikia utajua kwa nini sikuweza kuzitanguliza.

Umeondoka asubuhi na lori la Rukanga kwenda kumuaga nyanya yako, na mama yako anasema hutarudi kabla jua halijatua. Kesho unapanda gari la moshi. Habari za mashati, nauli na mtu wa kukupokea Nairobi ameshakuambia mara tatu, na mara ya tatu alikuandikia kwenye karatasi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikwepa kwa miaka mitatu.

Unakumbuka juzi tukila, mama yako alipokuuliza, "Kwani kazi yenyewe ni ya kupeleleza watu?"

Ukamjibu, "La, mama. Ni kusoma tu. Magazeti, hotuba, habari za redio. Vyote viko wazi, hata wewe ungeweza kuvisoma."

"Mimi nikimaliza gazeti nalifungia sukari," akasema. "Nyinyi mkimaliza mnalifungia nini?"

Ulicheka mpaka ukapaliwa na ugali. Mimi niliinamia sahani yangu. Yale maneno uliyomjibu ni yangu, Mwakio. Nilimwambia hivyohivyo, neno kwa neno, mwaka ule nilipopewa meza. Labda uliyasikia ukiwa likizo, ukayahifadhi kama mtoto anavyohifadhi kitu kizuri cha baba yake. Kuyasikia kinywani mwako kulinifanya nione aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya Bwana wa ofisini, wala mbele ya mchungaji.

Nilianza kazi ile mwaka ambao Hali ya Hatari ilitangazwa. Ofisi yetu ya serikali hapa Voi ilikuwa na Bwana mmoja wa Kizungu, tarishi na makarani wawili. Bwana aliniita akanionyesha rundo la magazeti ya Kiswahili yaliyoletwa na gari la moshi.

"Unasoma haya?" akaniuliza.

"Kila juma, Bwana."

"Basi yasome kwa ajili yangu."

Akanipa mkasi, gundi, na sanduku la kadi tupu. Nilikata kila habari iliyotaja mahali petu au mtu wetu. Nilinakili matangazo ya ubao wa kanisa, orodha za timu za mpira, majina ya walioandika barua kwa mhariri, ratiba za mikutano zilizobandikwa kwenye mti pale sokoni. Kila mtu aliyetajwa nilimfungulia kadi yake. Kila Jumatatu nilimpa Bwana karatasi mbili zilizopigwa taipu.

Kulikuwa na sheria moja: usiandike lolote ambalo halijachapishwa au kubandikwa hadharani. Maneno ya kunong'onezwa yalikuwa ya watu wengine, wenye makoti marefu, na mimi niliwadharau. Nilijiambia, mimi simsikilizi mtu dirishani, wala sifungui barua ya mtu. Nasoma alichokitoa mwenyewe kwa hiari yake. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa na mikono yenye gundi na moyo mweupe.

Na nilikuwa hodari. Sitaficha hilo, kwa kuwa ndilo lililonipoteza. Unanijua, hata mbegu za mahindi nazipanga kwenye mikebe kwa tarehe. Bwana alianza kupeleka karatasi zangu kwa wakubwa wake, na wakubwa wakaomba zaidi. Nilianza na meza moja na mkasi mmoja. Leo huko Nairobi wanakopeleka watu kama wewe ni chumba kizima, na meza zinaongezwa. Nafasi yako ilipatikana kwa barua ya Bwana yuleyule. Alikusifu kwa kusema kwamba wewe ni mwana wa baba yako.

Sasa nifike kwa mjomba wako Mutiso.

Wewe unamjua kama fundi bati wa nyuma ya soko, mwimbishaji wa kwaya, mtu wa mizaha. Si mjomba wa damu. Yeye ni Mkamba wa Machakos na sisi ni Wadawida, lakini wewe ndiye uliyeanza kumwita mjomba ukiwa na miaka minne, na hajakubali jina jingine. Siku zile alikuwa fundi katika karakana ya reli, mwenye nyumba ya reli na saa mfukoni. Na alikuwa na desturi moja ambayo watu walimtania nayo: alituma salamu gazetini. Kila baada ya miezi mitatu hivi ungeikuta kwenye ukurasa wa salamu: Mutiso wa Voi anawasalimu Kariuki, Onyango, Wafula, Kimani, Nzioka na Juma, popote walipo, na kuwaambia kwamba bado anakumbuka.

Majina sita, na mpangilio haukubadilika hata mara moja.

Niliyaona mara ya kwanza nikafungua kadi. Mara ya pili nikaweka alama. Mara ya tatu nikapiga mstari kutoka kadi hadi kadi kwa kalamu nyekundu. Kisha gazeti likachapisha kwamba mtu aitwaye Kimani, mfanyakazi wa Nakuru, amekamatwa kwa kula kiapo cha waasi. Sikujua kama ni Kimani yule. Wapo Kimani wangapi duniani? Lakini juma lilelile salamu za Mutiso zikatokea kwa mara ya nne, na neno "bado anakumbuka" lilikuwa palepale.

Unajua nina daftari ninaloandika kila siku tangu nilipokuwa shule ya sekondari. Nanakili hapa nilivyoandika siku ile:

"Jumanne. Majina sita, mpangilio uleule, mara ya nne. Nimemwonyesha Bwana. Amefurahi sana, amenipa mkono. Joto."

Bwana hakunipa mkono mara nyingi.

Walimchukua Mutiso Ijumaa, karakanani, mbele ya wenzake, akiwa na grisi mikononi. Wewe ulikuwa shuleni. Mama yako alikuandikia kwamba mjomba amesafiri.

Ningekuwa nimekosea tu katika kufikiri, ningeomba msamaha wa mtu aliyekosea na tungekuwa tumeyamaliza. Lakini daftari lile lina ukurasa mwingine, wa mwaka mmoja na nusu kabla ya huo:

"Jumapili. Mutiso na mkewe wamekula kwetu. Amesimulia kifo cha mdogo wake Kimeu, Nakuru, kwa homa ya mapafu. Hakukuwa na ndugu karibu. Watu sita wa kazini walimwosha, wakambeba mpaka kaburini, na yeye Mutiso alifika siku ya tatu akakuta udongo. Wengine wamehamishwa, hajui waliko. Huwasalimu gazetini kwa mpangilio waliokuwa nao walipobeba jeneza, wawili mbele, wawili kati, wawili nyuma, ili wajue hajawasahau. Mvua kidogo."

Niliandika kwa mkono wangu. Alisimulia akiwa mezani kwangu, mbaazi zikiwa kinywani mwangu. Nilijua.

Utaniuliza, ulisahau? Nimejiuliza hilo siku nyingi kuliko idadi ya siku alizofungwa. Jibu la kweli ni baya kuliko kusahau. Lilikuwepo mahali fulani kichwani, na nililiacha huko kwa sababu halikuwa limechapishwa. Kanuni yangu ilikuwa safi: yaliyo kwenye karatasi ni ya ofisi, ya mezani ni ya nyumbani. Nilipokaa na kadi zangu, Mutiso niliyemjua hakuruhusiwa kuingia ofisini. Aliingia Mutiso wa gazeti peke yake, na huyo hakuwa na mdogo wala kaburi. Alikuwa na mistari sita myekundu.

Nilikumbuka Ijumaa ileile, nilipoona grisi kwenye kitasa cha mlango wa ofisi walipompitisha.

Bado ningeweza kusema. Ningeingia kwa Bwana na daftari hili mkononi, nikamsomea mistari mitano. Sikuingia. Angeniuliza, "Kama ulijua, kwa nini uliniletea?" Nami sikuwa na jibu ambalo lingeniachia meza yangu.

Nilifanya mengine. Nilimpelekea Mama Ndinda, mkewe, unga na mafuta ya taa. Wenye nyumba walipoitaka nyumba yao nilimtafutia chumba na kumbebea vitanda. Kila mtu alinisifu. Mwezi wa nane tangu achukuliwe, Mama Ndinda alikuja kwetu na kanga ya kanisani.

"Baba Mwakio," akaniambia, "wewe unaandika, na Bwana anakusikiliza. Mwandikie huyu mtu neno. Neno moja tu."

Niliandika. Barua ile ilikuwa na mistari ishirini. Nilisema Mutiso ni mtu wa kanisa, mwenye bidii, asiyekunywa, mpenda amani. Yote ni kweli. Mstari wa watu sita na jeneza haukuwamo, kwa sababu mstari huo ungeonyesha kwamba nilijua tangu mwanzo. Mama Ndinda aliniomba neno moja, Mwakio. Nilimpa mengine yote.

Alitoka baada ya miezi kumi na minne, pamoja na kundi kubwa, wala sidhani kama barua yangu ilimwongezea hatua. Lakini yeye aliamini, na mkewe aliamini. Kanisani alisimama akashukuru kwa jina langu. Nilikuwa kwenye benchi la tatu. Ningeweza kusimama. Nilitazama viatu vyangu.

Nafasi yake karakanani ilikuwa ya mtu mwingine. Alianza kukata madebe, akatengeneza taa, kisha mikebe ya kumwagilia, kisha masanduku. Na hajatuma salamu gazetini tena. Nasoma ukurasa ule kila juma. Hao watu sita, kama wako hai na bado wananunua gazeti, wanadhani amewasahau.

Nilikuwa nimepanga hivi: ningeikunja barua hii, ningeiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya blanketi, uikute ukiwa umeshapita Mtito Andei, mahali ambapo huwezi kurudi na mimi siwezi kuuona uso wako. Nimeinuka kwenda kuiweka. Sanduku liko hapa karibu na mlango. Amelitengeneza Mutiso, hakutaka malipo yoyote, na juu ya kifuniko ameandika jina lako kwa rangi nyeupe, herufi zikiwa zimenyooka kuliko zangu. Kesho ndiye atakayelibeba mpaka stesheni. Ameshasema hakuna mwingine atakayeligusa.

Yaani angebeba begani mwake barua ya kumweleza mtoto wangu nilivyomuuza yeye Mutiso, bila kujua.

Nimeifunga kalamu. Ni saa tisa na nusu.

*

Ni saa kumi na mbili kasorobo. Nimerudi. Nilikwenda kwa Mutiso, nyuma ya soko.

Nilimkuta akilehemu mdomo wa mkebe. Aliniona na daftari kwapani akacheka.

"Karani! Umekuja kukagua sanduku? Kufuli linafunga, nimelijaribu mara kumi. Hata panya wa Nairobi hawaingii, na wale wamesoma."

Nikamwambia, "Mutiso, nina kitu cha kukusomea. Ukinikatiza sitaweza kumaliza."

"Haya. Leo mimi ni Bwana." Akaketi juu ya debe, akakunja mikono kama mkubwa.

Nilisoma ule ukurasa wa Jumapili, kisha wa Jumanne. Sikuongeza neno. Mikono yake ilifunguka polepole, akaiweka magotini. Moto wa kulehemu ulikuwa unawaka bure na hakuuzima.

"Soma tena ule wa kwanza," akasema.

Nikasoma.

"Hapo mwisho."

"Mvua kidogo."

"Ni kweli. Nilifika nyumbani nimelowa." Akalitazama daftari. "Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Mimi nilidhani ni mtu wa karakana. Miaka yote hii kuna mtu simwamkii pale karakanani, kwa sababu nilidhani ni yeye." Akanitazama. "Na ile barua uliyomwandikia Bwana kuniombea. Humo ulilisema hili la jeneza?"

"Sikusema."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilijua anachohesabu kabla hajafika.

"Uliandika mwezi wa nane. Mama yangu alikufa wa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Kimeu nilifika siku ya tatu. Mama sikufika kabisa."

Mama Ndinda akatokea na chai, kama kawaida yake, kikombe kile chenye ua ambacho husema ni changu. Mutiso hakumweleza lolote. Alisema tu, "Karani hakai." Mama Ndinda akanitazama, akamtazama mumewe, akarudi ndani na kikombe. Katika miaka yote ya kujuana kwetu sijawahi kuondoka pale bila kunywa.

Nikamwambia nitamrudishia sanduku kama anataka.

"Sanduku ni la mtoto," akasema. "Wewe sikukutengenezea kitu." Kisha, nilipofika kwenye ua: "Kesho sitalibeba."

Hayo ndiyo yote. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Nimepita njia ya reli nikirudi, na nimeamua kwamba barua haiingii sandukuni. Utaikuta juu ya meza, na nitakuwa nimeketi mbele yake.

Sikukatazi kwenda. Kazi ile itafanywa, na ni heri ifanywe na mtu aliyeisoma barua hii. Wala sikupi kanuni, maana nilikuwa nazo na unaona zilivyonifikisha. Nakueleza tu kitu kimoja nilichokiona kwenye karatasi zangu nilipozipitia mwaka jana. Zilikuwa mamia. Hapakuwa na hata moja iliyoandikwa chini yake, "Maana ya jambo hili siijui." Bwana hakunikataza kuandika hivyo. Niliona haya kuonekana sijui, na haya hiyo ndogo ndiyo iliyozaa hii kubwa. Siku moja utakutana na majina yanayorudi kwa mpangilio uleule, na moyo utakuruka kwa furaha, kwa sababu kugundua ni kutamu. Ukiruka, jua ni pale nilipokuwa mimi. Toka kwenye kiti. Kuna mtu mahali fulani ameketi mezani kwa mtu mwingine na ameeleza sababu, na haitachapishwa kamwe.

Kesho asubuhi mapema nenda kwa mjomba wako, peke yako. Usiniombee msamaha. Usimwambie baba analia, hata ukiniona nalia. Nenda tu umuage, na akikaa kimya kaa kimya naye. Chai akikupa kunywa.

Sasa salamu. Nakusalimu mimi baba yako, wa kwanza kwa kuwa nina deni kubwa zaidi la kusema kweli. Anakusalimu mama yako, ambaye haya yote atayasikia leo kabla hujafika, kwa kinywa changu. Wanakusalimu ndugu zako wadogo. Nafasi ya nne ni ya Mutiso, na nimeiacha wazi. Hakunituma, na mimi tena sina ruhusa ya kuandika jina lake kwenye orodha yoyote.

Nasikia lori likiteremka kutoka Rukanga.

Sanduku ni zito, mama yako amelijaza. Mutiso alilitia vishikio viwili, kimoja kila upande. Ukishamaliza kusoma, na kama bado utakubali kutembea nami njia moja, kesho shika kimoja, nami nishike cha pili.

Baba yako.